Godoro la Wazee Wawili

Magodoro ya Noonkopir huuzwa yakiwa yamesimama. Asubuhi wauzaji huyatoa nje na kuyaegemeza ukutani kando ya barabara ya Namanga, yamevikwa nailoni, namba za inchi zikitazama malori na matatu za Kajiado. Mnunuzi naye hununua akiwa amesimama. Hubonyeza kwa ngumi, hupiga kofi mara mbili, huuliza bei. Muuzaji akiona mvi na mkono ulioshika kiuno, lugha hubadilika: "Mzee, hii ni othopedia. Mama akilalia hii, mgongo atausahau." Siku hizi kuna neno jingine ambalo hutamkwa kama jina la dawa mpya: lateksi.

Chukua mfano wa wazee wawili, mume na mke, ambao wote wanaumwa na mgongo. Mzee ana kilo 85, hulala chali na kuamka kwenda msalani mara mbili tatu usiku. Mama ana kilo 58, hulala ubavu kwa sababu nyonga humsumbua, na kila mzee anapogeuka yeye hushtuka. Godoro lao lina miaka kumi na moja na katikati limefanya bonde. Watoto wamechanga pesa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mmoja ameambiwa kazini kwamba lateksi ndiyo mwisho wa maumivu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni lateksi ipi, ya ugumu gani, juu ya kitanda gani?

Wazee wa namna hii ni wengi mjini hapa. Noonkopir ni jina la kituo cha zamani. Kitengela ndilo jina lililokuja kuumeza mji mzima, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 154,436. Wengi wao walihamia kufuata viwanda vya Athi River na kazi za Nairobi, na katika nyumba nyingi wazazi wamefuata baadaye ili wawe karibu na watoto, wajukuu na hospitali. Wamekuja na migongo iliyolima, iliyochunga, iliyobeba maji na kuni. Wamekuja pia na imani moja kuhusu malazi: kwamba kitanda kigumu ndicho rafiki wa mgongo.

Imani hiyo ina asili yake. Katika nyumba ya jadi ya Kimaasai, kitanda ni jukwaa la fito lililotandikwa matawi au nyasi kavu, kisha ngozi ya ng'ombe. Pwani, watu walilalia kamba zilizosukwa kati ya mifumbati, na mwenye uwezo akaongeza godoro la sufi au la pamba. Bara, wengi walianzia kwenye mkeka au kirago. Sponji, ambayo leo ndiyo maana ya kwanza ya neno godoro kwa Mkenya, ni mgeni wa juzi: kemia yake ilianza Ujerumani mwaka 1937, katika maabara ya Otto Bayer na wenzake. Sponji za mwanzo za bei rahisi zilipobonyea baada ya miaka miwili, wazee walisema walichokiona kwa macho yao: kilaini kinaharibu mgongo, kigumu kinaulinda. Madaktari wengi walisema hivyo hivyo, na wagonjwa wakaambiwa waweke ubao chini ya godoro au walale sakafuni.

Utafiti haujawaunga mkono.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa Uhispania na Francisco Kovacs na wenzake. Watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipelekewa magodoro magumu nyumbani, nusu wakapata ya ugumu wa wastani, na wala wao wala waliowapima hawakuambiwa nani amepata lipi. Katika kipimo cha 1 hadi 10, ambapo 1 ndiyo ngumu kabisa, magodoro magumu yalikuwa 2.3 na yale ya wastani 5.6. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na maumivu machache kitandani na wakati wa kuamka, na walizimudu shughuli za mchana vizuri zaidi. Miaka mitano baadaye, watafiti wa Denmark waliwapa wagonjwa 160 aina tatu za malazi kwa mwezi mmoja: kitanda cha maji, sponji inayofuata umbo la mwili, na godoro gumu. Tofauti zilikuwa ndogo, lakini gumu ndilo lililoshika mkia.

Jaribio la tatu linahusu umri wa godoro lenyewe. Bert Jacobson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya watu 59 waliolala usiku 28 kwenye vitanda vyao vya zamani, kisha usiku 28 kwenye vipya vya ugumu wa wastani. Vile vya zamani vilikuwa na wastani wa miaka 9.5. Maumivu yalipungua na usingizi ukawa bora. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kitu kipya humfurahisha mtu kwa upya wake tu, kwa hiyo jaribio hili lina uzito mdogo kuliko lile la Uhispania. Hata hivyo linagusa jambo ambalo wazee wetu wanalijua: bonde la katikati ya godoro lina sehemu yake katika maumivu ya asubuhi.

Kwa ufupi, wastani unashinda ugumu, na godoro zima linashinda lililochoka. Hakuna kati ya majaribio hayo lililothibitisha kwamba malighafi fulani, iwe lateksi, sponji au springi, huponya mgongo. Hili lishikwe mapema, kwa sababu kila kinachofuata kinalitegemea: lateksi ina sifa nzuri kwa wazee, lakini ni sifa za kulala, kugeuka na kuamka. Uponyaji haumo.

Lateksi ni utomvu mweupe wa mti wa mpira, uliopigwa povu kama mayai ya keki na kuokwa kwa mvuke hadi ukashika. Njia hiyo ilipatikana katika kampuni ya Dunlop huko Birmingham, Uingereza, mnamo 1929. Baadaye ndugu wa familia ya Talalay walibuni njia ya pili: povu hunyooshwa kwa kuondoa hewa ndani ya umbo, hugandishwa kwa baridi, ndipo huokwa. Ya Dunlop huwa nzito na imara zaidi upande wa chini. Ya Talalay huwa na vitundu vilivyolingana na ulaini wa sawasawa. Kuna pia lateksi ya viwandani inayotokana na mafuta ya petroli, na mchanganyiko wa zote mbili, ambao mara nyingi ndio ulio nyuma ya neno lateksi kwenye kibandiko. Mti wenyewe hupenda joto na mvua nyingi. Kajiado haimo kwenye ramani yake, kwa hiyo godoro halisi la lateksi lililofika Noonkopir limesafiri mbali, na bei yake inasema hivyo.

Sifa ya kwanza ya lateksi ni kurudi upesi. Ukiibonyeza na kuachia, hurudi mahali pake papo hapo. Kwa kijana hili ni jambo dogo. Kwa mtu wa miaka 72 anayeamka gizani kwenda msalani ni jambo kubwa, kwa sababu sponji inayokumbuka umbo humzamisha na kumwacha ndani ya shimo la mwili wake, akilazimika kujikwamua kwa kiuno kile kile kinachouma. Sponji hiyo pia huwa ngumu kwenye baridi, na Kitengela, iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, haina usiku wa joto mwezi Julai. Lateksi haibadiliki sana kwa baridi. Hufuata nyonga na bega bila kumshika mtu.

Sifa ya pili ni kudumu. Lateksi nzuri huhimili kulaliwa kwa miaka mingi kabla ya kufanya bonde. Sifa ya tatu ni ile ambayo mama wa mfano wetu angeipenda: mtikiso wa upande mmoja haufiki sana upande wa pili, tofauti na springi za zamani zilizofungwa pamoja, ambazo mmoja akigeuka wote wawili husafiri.

Kuna upungufu pia. Ukingo wa lateksi tupu ni mlegevu, na wazee hukaa ukingoni kuvaa viatu. Mwenye mzio wa mpira, yule anayewashwa na glavu za hospitali au mpira wa puto, aulize daktari kwanza, ingawa lateksi iliyookwa, kuoshwa na kufunikwa vizuri huleta shida mara chache. Halafu kuna uzito, ambao ni mzigo kwa wazee na wakati huo huo ni ushahidi kwa mnunuzi.

Hesabu yake ni rahisi. Godoro la futi 5 kwa 6, unene wa inchi 8, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo itatoa godoro la kilo 14, na kijana wa bodaboda ataliviringisha na kulibeba. Lateksi huwa karibu kilo 80 kwa mita ya ujazo, na godoro lile lile litafika kilo 45. Kwa hiyo likiuzwa kwa jina la lateksi tupu na mtu mmoja akaliinua kwa mkono mmoja, kuna lililofichwa. Mara nyingi lililofichwa ni sponji ya inchi 6 iliyofunikwa tabaka la lateksi la inchi moja au mbili. Hilo lenyewe si kosa. Linaweza hata kuwa godoro zuri. Kosa ni kulilipia bei ya lateksi ya inchi 8.

Lakini mizani peke yake inadanganyika. Sponji iliyogandishwa kutokana na vipande vya masalio ni nzito pia, tena ngumu kama ubao. Dawa ni kufungua zipu. Lateksi ina rangi moja ya maziwa, ina vitundu vilivyopangwa kwa mistari na harufu hafifu ya mpira. Sponji ya vipande ina madoadoa ya rangi nyingi kama sakafu ya terazo. Kama ganda limeshonwa pande zote na muuzaji hataki kusema kuna tabaka gani na kila moja ni inchi ngapi, mnunuzi ameshajibiwa.

Hapa pia ndipo maneno ya dukani yanapohitaji kuchambuliwa. "Hai-densiti" na "hevi-dyuti" ni maneno yanayozungumzia uzito wa sponji, na uzito ni kipimo cha kudumu, si kipimo cha ugumu. Sponji nyepesi inaweza kufanywa ngumu siku ya kwanza na ikalegea kabla ya mwaka kwisha. Lateksi nzito inaweza kuwa laini kwa miaka kumi. Ngumi dukani hupima ugumu wa leo tu. Kwa sponji, namba ya kuuliza ni kilo kwa mita ya ujazo, na kwa watu wazima wawili wanaolala kila usiku, 30 na kuendelea ndiyo namba ya kutafuta; godoro la 5 kwa 6 la inchi 8 litakuwa kilo 17 hivi. Kwa lateksi, muuzaji mwenye karatasi za kiwandani ataonyesha namba nyingine, ile ya nguvu inayohitajika kulibonyeza tabaka kwa robo ya unene wake: kati ya 24 na 30 ni wastani, chini ya 20 ni laini, juu ya 35 ni ngumu. Neno "othopedia" nalo halina kipimo cha daktari nyuma yake. Kila kiwanda hulibandika kipendavyo, na kwa kawaida humaanisha tu kwamba godoro ni gumu.

Sheria inampa mnunuzi silaha chache za kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya taarifa anazohitaji ili azitumie vizuri. Shirika la Viwango, KEBS, huruhusu bidhaa zilizopimwa zibebe alama yake ya ubora yenye namba ya kibali, na namba hiyo huweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023. Bidhaa za kutoka nje hubeba stika ya aina yake, na huhakikiwa kwa namba hiyo hiyo. Ujumbe huo hautasema kama godoro litaufaa mgongo wa mama. Utasaidia kujua kama alama iliyobandikwa ni ya kweli.

Sasa turudi kwa wazee wetu, kwa sababu wao ni wawili na godoro ni moja. Mzee wa kilo 85 anayelala chali huhitaji kushikiliwa kiuno ili makalio yasizame. Mama wa kilo 58 anayelala ubavu huhitaji bega na nyonga vizame kidogo, la sivyo uti wa mgongo utapinda kama upinde na nyonga itaamka ikiwaka. Lateksi ile ile itakuwa ya wastani kwa mzee na ngumu kwa mama. Familia nyingi humaliza mvutano huu kwa kumsikiliza anayelipa, au anayelalamika zaidi.

Kuna njia iliyo bora, na inapatikana Noonkopir bila kuagiza chochote. Ukubwa wa 3 kwa 6 ni wa kawaida katika kila duka. Magodoro mawili ya namna hiyo, ya unene mmoja, hujaza kitanda cha 6 kwa 6 barabara. La mzee liwe imara kidogo, la mama liwe laini kidogo, na juu yake kitandikwe kitambaa kimoja kipana ili mpaka usionekane. Mtikiso unakatika karibu wote. Uzito nao unagawanyika: kila kipande cha lateksi cha inchi 8 ni kilo 27 badala ya mzigo mmoja wa kilo 54, ambao wazee wawili hawawezi kuugeuza. Na kimoja kikichoka kabla ya kingine, hubadilishwa peke yake.

Kujaribu ni kulala. Mtu avue viatu, alale dukani kwa namna anayolala nyumbani, robo saa bila haraka. Akiwa chali, mwenziwe apitishe mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa, godoro ni gumu mno kwake, ukikwama kabisa, ni laini mno, ukipita kwa kuteleza huku ukigusa, ni wastani wake. Akiwa ubavu, mwenziwe asimame nyuma na kutazama mstari wa uti kutoka shingoni hadi mkiani; unapaswa kunyooka. Kisha akae ukingoni na kuinuka bila kushikwa. Wazee wengi huona haya kulala mbele ya wapita njia, hasa kina mama, na muuzaji mwenye adabu huwa na kitanda ndani ya duka kwa ajili hiyo.

Hata godoro bora huharibiwa na kitanda kibovu, na hapa ndipo pesa nyingi za Kitengela hupotea. Mafundi wa kando ya barabara hutengeneza vitanda vizuri vya mbao ngumu, michago imechongwa maua, lakini chaga huwa chache na zimeachana kwa shibiri nzima, kwa sababu mteja hukagua mchago tu. Lateksi ni nzito na inanyumbulika. Ikiwekwa juu ya chaga za namna hiyo huzama katikati ya nafasi na kuanza kuchanika kwa chini. Nafasi isizidi inchi 3. Fundi anaweza kuongeza chaga na mhimili wa katikati kwa siku moja, au akaweka plaiwudi iliyotobolewa matundu ili hewa ipite. Waranti nyingi hutaka kitanda kiwe na msingi unaofaa, na mwenye chaga mbovu hugundua hilo siku anapodai.

Kuna kipimo cha nyumbani cha kujua kama mkosaji ni godoro au chaga. Laza ufagio wa mpini mrefu kutoka ukingo hadi ukingo na upime pengo lililo chini yake. Pengo likizidi inchi moja na nusu, kuna bonde. Kisha godoro lishushwe sakafuni na kupimwa tena. Bonde likitoweka, tatizo ni mbao, na tiba yake ni fundi na si duka la magodoro.

Urefu wa kitanda nao una neno. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yawe usawa wa nyonga au chini kidogo. Godoro la inchi 10 juu ya kitanda kirefu cha kisasa humning'iniza bibi mfupi kama mtoto kwenye kiti cha baba, na kushuka kwake usiku huwa kuruka.

Kisha kuna jua. Afrika Mashariki nzima, Jumamosi yenye jua ni siku ya kuanika magodoro; ndivyo kunguni walivyofukuzwa na harufu ya mkojo wa watoto ikatolewa. Sponji huvumilia kwa kiasi. Lateksi haivumilii, kwa maana mwanga mkali wa jua huukausha mpira, ukageuka manjano, ukapasuka na kumwagika unga. Godoro la bei kubwa likiachwa juani Kitengela kila wiki halitazeeka pamoja na wenyewe. Lipunge kivulini, dirisha likiwa wazi, ganda lifuliwe peke yake, na chini ya shuka kuwe na kitambaa kisichopitisha maji. Kunguni nao hukaa zaidi kwenye viungo vya kitanda na mishono ya ganda, kwa hiyo lateksi haiwazuii na jua la godoro haliwamalizi.

Baada ya yote hayo linabaki jambo ambalo hakuna duka litakalolitaja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliowagusa wazee kwa jina, umependekeza elimu ya kujitunza, mazoezi, tiba za mikono kama kukandwa, na msaada wa kisaikolojia. Umeshauri dhidi ya mikanda ya kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni. Kutembea kila asubuhi na mazoezi yaliyopangwa na mtaalamu wa viungo hospitalini kuna ushahidi mzito kuliko godoro lolote.

Kajiado ina sababu yake ya pekee ya tahadhari. Katika kaunti ya wafugaji, mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na uchovu unaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kupitia maziwa mabichi au wakati wa kuzalisha wanyama, na ambao hupenda kukaa kwenye pingili za uti. Kifua kikuu nacho huweza kushika uti wa mgongo bila kikohozi. Kwa mwanamume mzee, saratani ya tezi dume huweza kujitangaza kwanza kwa maumivu ya mifupa ya mgongo. Kwa mwanamke mzee, mifupa iliyopungua nguvu huweza kuvunjika pingili kwa kuinua ndoo tu. Maumivu yasiyotulia kwa mlalo wowote, kukonda bila sababu, homa, maumivu baada ya kuanguka, ganzi kati ya mapaja, miguu inayolegea, au kushindwa kuzuia haja: mwenye dalili hizi aende hospitali siku hiyo hiyo, na pesa za godoro zikawe nauli na vipimo.

Kuhusu pesa zenyewe, ni vizuri kusema wazi. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Sponji nzuri ya 5 kwa 6 humeza miezi kadhaa ya malipo hayo, na lateksi tupu hugharimu mara kadhaa ya sponji. Kwa hiyo ni mchango wa watoto, na mchango una haki ya kupangwa. Kwanza daktari, kama kuna dalili yoyote kati ya zile. Pili chaga, kwa sababu ndizo rahisi na hufaa godoro lolote. Tatu mto mmoja wa kuweka chini ya magoti ya anayelala chali, na mwingine kati ya magoti ya anayelala ubavu. Mito hiyo peke yake hupunguza mvuto kiunoni usiku huo huo. Nne ndipo godoro.

Hukumu, basi, ni hii. Familia yenye uwezo, iliyoona lateksi halisi kwa kufungua zipu na kuiweka kwenye mizani, inunue vipande viwili vya 3 kwa 6, vya ugumu wa wastani, kila kimoja kwa mwili wake, na ivitandike kivulini juu ya chaga zilizokaribiana. Yenye uwezo wa kati, ambayo godoro lake bado halina bonde ila ni gumu mno, inunue tabaka la lateksi la inchi 2 la kuweka juu. Juu ya bonde tabaka hilo ni hasara, kwani litafuata bonde. Na familia nyingi zaidi, ambazo pesa zao zinafika kwenye sponji tu, zisijione zimewanyima wazee chochote: sponji ya kilo 30, ya ugumu wa wastani, kwenye kitanda kilichonyooka, ni bora kuliko lateksi ya jina kwenye chaga za shibiri.

Watoto wanaochanga wakiwa Nairobi, Mombasa au Doha wana jambo moja la kufanya kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa. Baba na mama waende wenyewe dukani, wote wawili. Na ombi lao la kwanza kwa muuzaji lisiwe punguzo. Wamwombe alilaze godoro.